Tambi Nazo Zipewe Nafasi Mezani

Nimeshika kalamu kuzungumzia jambo lililotukia Siku ya Utamaduni muhula uliopita, jambo ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni.

Mtakumbuka kwamba kila darasa lilipewa meza moja ya kupanga vyakula vya kwetu. Sisi tulileta mukimo, njahi, ndizi za kuchemsha, chapati na chai ya maziwa. Katikati ya meza nikaweka bakuli la tambi nilizozipika mwenyewe kwa supu ya mbuzi. Mwamuzi alipofika alizitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Hizi ziondoeni. Mwacha mila ni mtumwa." Bakuli likaondolewa, alama zikatupotea, na wenzangu wakaninunia wiki nzima. Hata jina la utani nikapewa: "Mchina".

Namheshimu aliyesema maneno hayo, na methali yenyewe naikubali. Lakini naomba ruhusa niulize swali moja tu: kwa nini tambi ziliondolewa na chapati ikabaki?

Chapati haikuota hapa Mlima Kenya. Ilikuja na Wahindi. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Baadaye wafanyabiashara Wahindi walifungua maduka katika miji mingi, Meru na Embu zikiwemo. Leo hii, ni nyumba gani hapa Embu inayopitisha Krismasi bila chapati? Nao Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa na serikali mwaka 2017 kuwa kabila la 44.

Tuendelee. Chai tunayojivunia, ile inayosagwa Imenti na Rukuriri, ilipandwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru, na hata jina "chai" asili yake ni Uchina. Ndizi zinazojaza malori pale Meru, wazee wake walitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Mahindi, maharagwe na viazi vilitoka Amerika. Tukisema tufukuze kila kilichovuka bahari, mezani patabaki njahi, kunde na uji wa mawele. Hata mukimo utatimuliwa, jamani!

Sasa niwaeleze nilivyozijua tambi. Mjomba wangu alikuwa kibarua katika ujenzi wa barabara kuu ya Thika, uliofanywa na kampuni za Kichina na kukamilika mwaka 2012. Huko alifanya urafiki na mpishi wa kambi, akarudi Embu na ujuzi ambao hakuna aliyeutarajia. Kila Desemba yeye hukanda unga wa ngano kwa maji na chumvi, akauacha upumzike, akausukuma kwa kifimbo cha chapati, akaukunja, kisha akaukata nyuzi nyembamba kwa kisu. Kusema kweli, kazi ni ileile ya chapati. Tofauti ni kisu na maji ya moto. Zikiiva, anazimiminia supu yenye tangawizi na kitunguu saumu, na juu anaweka sukuma wiki na dhania kutoka shambani.

Siku ya kwanza nyanya alichungulia bakuli akashtuka. "Mwanangu, mbona unanilisha minyoo?" Tulicheka mpaka machozi. Mjomba akamsihi, "Mama, onja tu." Akaonja kijiko kimoja, akanyamaza. Alipomaliza, alinyoosha bakuli aongezewe, ila akaagiza kwamba safari nyingine supu iwe ya mbuzi, si ya kuku. Hivyo ndivyo tambi zilivyopata supu ya mbuzi nyumbani kwetu.

Likizo ya Aprili iliyofuata, mjomba alinipeleka Nairobi, mtaa wa Kilimani, katika mkahawa mdogo wa Wachina. Mimi nilitarajia vitambaa vyeupe mezani na watu waliovaa tai. Wapi! Nilikuta viti vya plastiki, mvuke umejaa jikoni, na watu wanakula haraka warudi kazini, sawasawa na vibanda vyetu karibu na steji ya Embu. Vijiti vya kulia vilinishinda, tambi zikaniangukia shatini, nikaomba uma. Mzee mmoja kando yangu alikuwa akizivuta kwa sauti, fyuuu! Kwetu angekemewa, lakini pale hakuna hata aliyegeuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nakula chakula cha matajiri. Hiyo ndiyo githeri yao.

Isitoshe, tambi si lazima ziwe za ngano. Mwaka 2005 wataalamu waliripoti kwamba katika kijiji cha kale cha Lajia, kaskazini-magharibi mwa Uchina, palifukuliwa bakuli la tambi lenye umri wa miaka 4,000 hivi. Walisema zilitengenezwa kwa nafaka ndogondogo za jamaa ya mawele. Mawele, ndugu zangu! Jamaa ya yale yanayolimwa Tharaka na Mbeere. Huko Vietnam nao hutengeneza tambi kwa unga wa mchele, na mchele tunao hapa jirani, Mwea, katika mashamba yaliyoanzishwa miaka ya 1950. Nani amewahi kujaribu?

Wengine watasema kwamba natetea zile tambi za pakiti zinazofichwa bwenini. La hasha. Aliyezibuni, Momofuku Ando wa Japani, alifanya jambo jema mwaka 1958, kwani nchi yake ilikuwa imeonja njaa baada ya vita. Lakini pakiti hizo zina chumvi nyingi, na anayezila kila usiku anajidanganya kwamba ameshiba. Tena wako wenzetu ambao wakishanunua pakiti moja huanza kuicheka githeri ya shule na wale wanaoila. Huyo ndiye aliyeacha mila, si mimi niliyetia supu ya mbuzi ndani ya tambi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wana wa Chama cha Kiswahili. Chakula hiki tunakiita kwa jina la Kiingereza, au kwa jina la kampuni iliyokifunga, ilhali Kiswahili kina neno lake tangu zamani: tambi. Neno hili ni jamaa ya utambi wa taa, na ukizitazama utaona kufanana. Waswahili wa pwani huzipika kwa sukari na iliki, na mara nyingi utazikuta mezani siku ya Idi. Kwa hivyo chakula tulichokiita kigeni kilikuwa kimo ndani ya lugha tunayoitetea kila mwaka katika jarida hili.

Maoni yangu basi ni haya. Chakula kinakuwa chetu tunapojua kukipika kwa mikono yetu, kwa mazao yetu, na tunapokiita kwa lugha yetu. Chapati ilifaulu mtihani huo zamani. Naiomba kamati ya Siku ya Utamaduni iweke kanuni moja mwakani: mwanafunzi aulizwe amepikaje chakula chake na amejifunza kwa nani. Anayejibu, aachwe mezani. Asiyejibu, hata kama ameleta mukimo wa kununua, aondolewe.

Mimi nitakuja tena na bakuli langu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibuni muonje, kisha ndipo mnihukumu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu