Neema Haiko Mushahara, na Mushahara Haiko Neema

Wandugu wa kazi, na ninyi wamama mwenye munangojea mwisho wa mwezi ku nyumba, tuko na neno moja leo. Haiko neno la primu wala la kofia za kazi, ni neno la imani. Musishangae. Ku biro yetu ya sendika njo kwenye lilianzia.

Mama mumoja alikuja kutuona. Bwana yake alisimamishwa kazi ku kampuni moja ya kukodisha watu, akapewa dekonti yake. Siku ya yenga yenye ilifuata akabeba nusu ya ile makuta ku kanisa, juu pasta alisema kama mwenye kupanda mbegu ile siku atapata kazi ya kulipa mara tatu. Miezi mitano ikapita, kazi hakuna. Mama akatuuliza: "Ninyi munajua kudai. Hamuwezi kudai ile makuta kwa pasta?"

Kwanza tulicheka. Kisha tukanyamaza, juu ile swali ilikuwa na akili. Mutu alilipa, akaahidiwa kitu, hakukipata. Sisi tunaita ile kontra yenye haikuheshimiwa. Njo pale tukajiuliza: kumbe ni nani alitufundisha kama kwa Mungu watu wanaingia na kontra?

Maana haiko Injili. Sisi wengi ku kambi za wafanyakazi tulilelewa ku makanisa ya kiinjili, na mambo ya musingi tuliyajua tangu masomo ya watoto. Biblia njo inaamua, ata pasta iko chini yake. Watu wote ni wenye zambi, mukubwa wa kampuni na mwenye kusukuma toroli. Yesu alikufa ku musalaba pa nafasi yetu, akafufuka. Mutu anaokolewa kwa kuamini, anageuka, anazaliwa mara ya pili. Na ile wokovu ni zawadi. Bure. Hapa kwa hili neno "bure" njo watu wanateleza.

Mutume Paulo, ku barua yake kwa Waroma, sura ya 4, anasema mambo yenye kila delege wa sendika angepashwa kujua. Anasema kama mutu mwenye kufanya kazi, mushahara wake hauhesabiwi kuwa zawadi: ni deni, lazima ulipwe. Lakini mbele ya Mungu mutu hahesabiwi haki kwa njia ile. Anaamini tu, basi. Muone vile anatenga vitu viwili: mushahara uko ngambo hii, neema iko ngambo ile.

Sisi leo tumevichanganya. Patroni anaita mushahara zawadi, pasta anaita zawadi mushahara. Patroni anagawa mufuko wa unga ku mwisho wa mwaka, anasema "niliwasaidia", wakati masaa ya usiku hayakulipwa. Pasta naye anasema baraka inafuata kiasi cha bahasha. Na mufanyakazi yuko katikati: anashukuru kwa kitu chenye ilikuwa haki yake, analipa kwa kitu chenye alipewa bure.

Ile mambo haiko mupya. Ku Ulaya, zaidi ya miaka 500 imepita, watu waliuzishiwa barua za kupunguziwa malipizi ya zambi, na sehemu ya ile feza ikaenda kujenga kanisa kubwa la Petro Mutakatifu kule Roma. Mwaka 1517 Martin Luther akasimama kukataa. Na tunapenda kuwakumbusha wachimbaji: baba yake Luther, Hans, alifanya kazi ya shaba kule Mansfeld. Mutoto wa mutu wa shaba, kama wa kwetu! Alisoma ile ile barua kwa Waroma, akaona kama kitu chenye Mungu anatoa bure, hakuna mutu mwenye ruhusa ya kukiuzisha.

Kwetu Katanga, Injili ilifika mbele ya kampuni. Arnot alifika Bunkeya, kwa mufalme Msiri, mwaka 1886. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Na mbele ya wote wale, wazee wetu walikuwa wanayeyusha shaba, wanaifanya misalaba midogo, na kwa ile misalaba walinunua vitu, walilipa mali ya bibi. Ilikuwa feza yao, na hakuna ubaya. Lakini musalaba wa Yesu haiko ile. Haununue nao kitu, na wenyewe haununuliwe.

Kuna wandugu watasema: sendika inapigana na sadaka. Hapana. Kati yetu kuna mashemasi, kuna wenye kuimba ku kwaya, na kanisa lenye halina paa linahitaji bati. Paulo huyu huyu aliomba Wakorinto watoe, lakini kila mutu vile moyo wake umekata, bila kulazimishwa. Toa juu umeshukuru. Usitoe sawa vile mutu mwenye kununua tike ya bahati nasibu, na usitoe feza ya masomo ya batoto.

Na jambo ingine linatuumiza zaidi. Ukuta wa udongo ukianguka juu ya watu mu shimo, utasikia mutu anasema ku kilio: walikosa imani. Wandugu, ule ukuta ulianguka juu hakukuwa miti ya kuushikilia. Kumwambia mujane vile ni kumuzika bwana yake mara mbili. Neema yenyewe inasema kinyume: Mungu hakupimie watu pendo kwa kuangalia nani yuko salama na nani aliumia.

Na kama pasta anataka kuhubiri juu ya makuta, tunamuomba afungue barua ya Yakobo, sura ya 5. Pale mushahara wenye matajiri walizuilia wavunaji unalia, na kilio kinafika masikioni mwa Mungu. Tunangojea ile mahubiri. Tutakaa ku benchi ya mbele.

Yule mama tulimwambia kweli: kwa pasta hatuna karatasi ya kudai, ni bwana yake mwenyewe atakwenda kuongea naye, na muzee mumoja wa kanisa amekubali kumusindikiza. Lakini tulipofungua ile dekonti, tukaona siku 11 za konji zenye hazikuhesabiwa. Ile ni deni. Dosiye tumeipeleka kwa inspekta wa kazi.