Si Kila Mtoto wa Shoto ni wa Shoto

Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na SHA kuingia, mazungumzo ya afya hapa Pwani yamekuwa ya pesa: nani kajisajili, nani kalipa, hospitali ipi inapokea. Ni mazungumzo ya haki. Lakini wako watoto ambao hasara yao huanza kabla hawajafikishwa kwenye dirisha la malipo, kwa sababu sisi wakubwa tunaiona dalili na kuipa jina jingine.

Nazungumzia kiharusi cha watoto wachanga. Wengi wetu tunakijua kiharusi kuwa maradhi ya wazee wenye presha na sukari. Ukweli ni kwamba hata mtoto aliye tumboni, au aliyezaliwa jana, anaweza kupatwa nacho. Donge la damu huziba mshipa wa ubongo, na sehemu iliyokosa damu hufa. Mara nyingi chanzo hasa hakipatikani. Kwa hivyo wale wanaomnyooshea mama kidole, kwamba alikula hiki au alibeba kile, wanamdhulumu.

Kwa baadhi ya watoto, dalili ya kwanza ni degedege katika siku chache za mwanzo: mkono mmoja au mguu mmoja unarukaruka wenyewe, au pumzi inakatika kidogo. Hapa kwetu tukiona hivyo tunasema ni dege, ni nyuni, na tunatafuta kombe na hirizi. Dua hakuna anayeikataza. Lakini na isomwe njiani, mtoto akikimbizwa hospitali.

Wengine hawaonyeshi lolote. Mtoto ananyonya, analala, anacheka. Akifika miezi minne au mitano na kuanza kushika vitu, mkono mmoja unafanya kazi na mwingine umekunja ngumi. Nyumba nzima inafurahi: "Huyu wa shoto, kamrithi babu yake!" Kumbe mtoto wa umri huo hana mkono anaoupendelea. Kabla ya kutimiza mwaka hutumia yote miwili. Akichagua mmoja mapema, wa kuangaliwa ni ule asioutumia. Na kiharusi hiki hupiga zaidi upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio unaoendesha mkono wa kulia. Ndiyo maana wengi wa watoto hawa huonekana wa shoto.

Kisha kwetu sisi Waislamu linaongezeka jambo. Mtoto huyu akikaa kwenye sinia anapigwa kofi kwa kula kwa kushoto. Chuoni anakaripiwa kwa kushika kalamu kwa kushoto. Kula kwa mkono wa kulia ni sunna tunayoipenda, lakini mwenye udhuru hana lawama katika dini. Maalimu na wazazi wajue kuwa huenda wanamwadhibu mtoto kwa maradhi.

Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi. Hata hivyo ubongo wa mtoto mdogo bado unajijenga, na kwa mazoezi unaweza kujifunza njia nyingine. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza hata kuufunika mkono mzima kwa muda, ili ule dhaifu ulazimike kushika kijiko na mpira. Kazi hiyo ni ya miaka, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyosaidia.

Hapa ndipo serikali inapoingia. Mfuko wa afya ya msingi ulioanzishwa pamoja na SHA unakusudiwa kulipia huduma za zahanati na vituo vya afya. Lakini mtaalamu wa viungo kwa kawaida yuko hospitali kubwa. Mama wa Faza apande mashua mpaka Lamu, wa Vanga apande matatu mpaka Msambweni, na arudie safari hiyo mara kwa mara. Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na mtoto anayetembea kwa kuchechemea huenda asihesabiwe humo. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini Mei 2025, lakini sheria haimlipii mama nauli.

Afya ni kazi ya kaunti, basi tuzidai kaunti zetu mambo mawili. La kwanza halihitaji mashine. Mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 kwa surua. Siku hiyo ya surua, muuguzi amwekee kitu cha kuchezea upande huu, kisha upande ule, aone kama mikono yote inakifuata. La pili, mtaalamu wa viungo awe na siku yake inayojulikana ya kuzuru zahanati za mbali, awafundishe kina mama na wahudumu wa afya wa mashinani mazoezi ya kuendeleza nyumbani.

Bajeti za kaunti hupitia kwa wananchi kila mwaka. Tukiitwa, tuyataje haya mawili. Na wewe uliye na mtoto wa miezi sita nyumbani, usingoje bajeti: mpe kijiko kutoka kila upande, umtazame. Mkono mmoja ukikataa, mpeleke kwa daktari wiki hii hii.