Je, Ni Dhambi Kumcheka Mwizi?

 

Mwezi huu tuzungumze juu ya sinema. Najua wako kati yenu ambao wakisikia neno hilo hukunja uso, wala siwalaumu, kwa maana mengi yanayoonyeshwa hayafai kutazamwa na mtu mwenye watoto sebuleni. Lakini Jumamosi moja jioni sisi akina mama wa usharika wetu, pamoja na waume wachache na vijana, tulitazama sinema ya zamani ya Waingereza katika ukumbi wa kanisa. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa akitufasiria kwa sauti. Tulicheka sana, kisha tukabishana sana, na mabishano hayo hayajaisha mpaka leo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeichagua, lawama zote zilinijia mimi.

Sinema yenyewe inaitwa The Ladykillers. Ilitengenezwa mwaka 1955 na studio za Ealing za London, na mwongozaji wake ni Alexander Mackendrick. Kwa wale ambao hawajaiona, hadithi yake ni hii.

Yuko bikizee mjane aitwaye Bibi Wilberforce. Anaishi peke yake na kasuku wake katika nyumba kuukuu iliyopinda, karibu na stesheni ya King's Cross, juu ya njia ya reli. Picha ukutani hazikai sawa, na maji ya bomba hayatoki mpaka agonge paipu kwa nyundo. Siku moja anakuja mpangaji mwenye meno makubwa na maneno matamu, Profesa Marcus. Anasema yeye na wenzake wanne ni wanamuziki, wanatafuta chumba cha kufanyia mazoezi. Kumbe ni majambazi. Wanafunga mlango, wanaweka santuri kwenye gramafoni, na wakati bibi anafurahia muziki huko chini, wao wanapanga kuliteka gari la fedha.

Wanaiba pauni 60,000. Tena wanamtumia bibi mwenyewe, bila yeye kujua, kwenda stesheni na teksi kuwachukulia sanduku lenye fedha hizo! Nani atamshuku bikizee mwenye kofia na mwavuli? Mambo yanaharibika siku wanapoondoka. Kasha la ala ya muziki la mmoja wao linabanwa na mlango, analivuta kwa nguvu, na noti zinamwagika mbele ya mama mwenye nyumba. Ndipo majambazi wanapoamua kwamba lazima bibi auawe. Wanapiga kura kwa njiti za kiberiti kujua ni nani atakayeifanya kazi hiyo. Lakini hakuna anayeweza. Mmoja baada ya mwingine wanageukiana wao kwa wao, na wote watano wanakufa na kuangukia katika mabehewa ya mizigo yanayopita chini ya nyumba. Bibi amelala kitini, hana habari.

Taa zilipowashwa, mama mmoja ambaye ni mzee wa kanisa alisimama. Alisema amesikitika. Tunawafundisha watoto amri za Mungu asubuhi, na jioni tunawaonyesha wezi na kuwachekea. Tena watu watano wamekufa na ukumbi mzima umeangua kicheko. "Kicheko hufungua mlango," alisema. "Ukikizoea kitu kwa kukicheka, hukiogopi tena." Wengi waliitikia kwa vichwa, na mimi nakiri kwamba maneno yake yalinigusa.

Vijana walikuwa na maoni mengine. Yule mfasiri wetu alisema sinema hii haimsifu mwizi hata kidogo. Watano wote wanaangamia, na hakuna anayewaangamiza ila tamaa yao wenyewe. Wangekubali kurudisha zile fedha siku ile walipogunduliwa, wangekuwa hai. Alisema ametazama sinema nyingi ambazo mwizi hodari anaondoka na mali akitabasamu, na hizo ndizo za kuogopa.

Ndipo bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, mwenye umri upatao miaka themanini, akaomba kusema. "Nyinyi mnabishana juu ya wezi," alisema. "Mimi nilikuwa namtazama mwenzangu. Mbona polisi hawakumsikiliza?"

Ukumbi ulinyamaza. Ni kweli, maana mwanzoni mwa sinema Bibi Wilberforce anakwenda kituo cha polisi kueleza juu ya rafiki yake aliyedai kuwa ameona wageni kutoka anga za juu. Polisi wanampokea kwa heshima, wanamwitikia, lakini macho yao yanasema, huyu naye na hadithi zake. Mwisho wa sinema anarudi kueleza habari za kweli, kwamba fedha zilizoibwa ziko nyumbani kwake. Wanamwitikia vilevile kwa tabasamu, nao wanamwambia akae nazo.

Akina mama wenzangu, niliinamisha kichwa. Mimi ni nesi. Najua bikizee anavyokuja kliniki akaanza maelezo yake na mvua za mwaka ule, na jinsi tunavyomkatiza kwa upole, "Sawa bibi, tumekuelewa," kumbe hatujasikia neno. Pengine kile alichokijia kilikuwa mwishoni mwa hadithi. Mwigizaji wa sehemu ile, Katie Johnson, alikuwa amepita miaka 75 alipoigiza, baada ya miaka mingi ya kupewa visehemu vidogo tu. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza kutoka chuo cha filamu cha nchi hiyo, BAFTA. Alifariki mwaka 1957. Tusiwahi kusema mzee amekwisha.

Lakini sehemu iliyoninyima usingizi usiku ule ni nyingine, tena ni fupi. Bibi anapogundua wizi na kutaka fedha zirudishwe, Profesa hamtukani. Anamweleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Anamwambia hakuna anayezitaka tena fedha zile. Kampuni ya bima itamlipa mwenye mali, halafu itaongeza kidogo tu kwenye malipo ya kila mteja wake, fadhingi moja, yaani robo ya peni. Basi hasara iko wapi? Nani ameumizwa kwa robo ya peni?

Watazamaji walicheka hapo. Mimi sikucheka, kwa sababu maneno hayo nimewahi kuyasema.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa nesi kijana katika kituo kimoja cha afya, nilikuwa na jirani mwenye saluni. Aliniomba glovu za kuvaa anapowapaka wateja dawa ya nywele. Nikamletea chache. Alipoomba tena nikaleta tena, na siku nyingine nilimpelekea boksi zima. Sikuuza hata moja. Nilijiambia ni za serikali, zinakuja kwa maboksi, nani ataumia? Wenzangu nao walikuwa na vyao, huyu pamba, huyu sabuni, yule vidonge vya maumivu kwa ajili ya mama mkwe. Kila mmoja alichukua robo peni yake, na hatukuwahi kukaa tukajumlisha.

Usiku mmoja aliletwa mama mwenye uchungu. Mtoto alikuwa karibu. Nilifungua kabati, na boksi la glovu lilikuwa tupu. Mumewe alitoka mbio kwenda kumgongea mwenye duka, lakini mtoto hakumsubiri baba yake. Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi nikamzalisha yule mama. Kwa rehema za Mungu walitoka salama wote wawili, na asubuhi mumewe alinishukuru huku akinishika mkono. Mkono uleule! Sikuweza kumtazama usoni. Aliyeumizwa kwa robo peni alikuwa amelala mbele yangu, naye hakujua.

Sikuchukua tena. Nilinunua maboksi mawili kwa mshahara wangu nikayaweka kabatini, ingawa najua Zakayo alirudisha zaidi. Jirani aliponiomba tena nilimwambia anunue, akaninunia miezi miwili.

Kwa hiyo nikiulizwa ni dhambi kumcheka mwizi, nami nitauliza, tunamcheka kwa lipi? Wezi wa sinema hii tunawacheka kwa sababu wanajiona wajanja, halafu wanatumwa kumkamata kasuku na kulazimishwa kunywa chai na mabikizee wenye kelele. Kicheko cha namna hiyo kinamvua mwizi nguo zake za ushujaa. Lakini tukicheka kwa kuwa maneno ya Profesa yametupendeza, hapo yule mzee wa kanisa amesema kweli, mlango umefunguka. Bwana Yesu alifundisha juu ya uaminifu katika mambo madogo, nanyi mnaweza kusoma Luka sura ya 16 pamoja na watoto wenu. Shetani naye anajua kwamba wengi wetu hatuwezi kuteka gari la fedha. Hutujia na boksi la glovu.

Limebaki swali moja ambalo tulishindwa kulimaliza. Bibi Wilberforce amesema kweli, polisi wamekataa kuamini, wamemwambia akae na fedha. Anatoka nje, na mara anampa ombaomba anayechora picha njiani noti ya thamani kubwa, yule mtu anashangaa. Je, sasa bibi naye ni mwizi?

Mama mmoja alisema hana kosa, ametimiza wajibu wake na Mungu amembariki mjane wake. Baba mmoja alipendekeza azitoe kanisani. Mama mchungaji alimjibu upesi kwamba sadaka haisafishi fedha yenye mwenyewe. Mwingine akasema angerudi na sanduku lote akalifungue juu ya meza ya polisi, waone kwa macho yao. Mimi niko pamoja na huyu wa mwisho. Kusema kweli mara moja ni vizuri, lakini kweli isiyosikilizwa lazima irudiwe. Hata hivyo nafurahi kwamba mwandishi wa hadithi, William Rose, alituachia swali hili mikononi. Sinema inayokupa la kujadili njiani kurudi nyumbani haijakupotezea jioni.

Tena si sisi tu tulioipenda. Mwaka 1999 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilipotoa orodha ya sinema 100 bora za nchi hiyo, hii ilishika nafasi ya 13. Mwaka 2004 ndugu wawili wa Marekani, Joel na Ethan Coen, waliitengeneza upya. Bibi wao ni mjane Mwafrika Mmarekani wa Mississippi, mshirika imara wa kanisa la Kibaptisti, na mwigizaji wake Irma P. Hall alipata tuzo ya majaji katika tamasha la Cannes mwaka huohuo. Lakini nawaonya, hiyo ya pili ina matusi mengi, haifai kuwekwa mbele ya watoto. Ile ya 1955 haina matusi wala uchafu. Kuna vifo, ingawa havionyeshwi kwa damu, basi watoto wadogo walale kwanza.

Kama mtaitazama nyumbani, nashauri mambo matatu. Kaeni pamoja na watoto wakubwa, msiwaachie peke yao. Profesa anapomaliza maelezo yake ya robo peni, simamisheni picha mkawaulize, "Amesema kweli?" Msiwajibie ninyi, wasikilizeni, hata kama majibu yao yatawashtua. Na kama nyumbani yuko bibi au babu, mpeni kiti cha mbele, kisha mwacheni aseme mpaka amalize.

Nami nawaomba mniandikie, hasa nyinyi mnaoshika funguo za stoo za watu: mashuleni, maofisini, mahospitalini na makanisani. Je, robo peni yenu ni nini? Hamlazimiki kutaja majina. Mimi nimeanza kwa kutaja yangu.

Mungu awalinde pamoja na nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao akipenda.