"Uzee Tu Huo" – Tuache Kusema Hivyo

Najua wengine mtacheka. Tumekuja Uingereza kusoma na kubeba boksi, halafu mtu anakaa chini kuandika habari za paka! Chekeni, lakini wengi wetu tumepanga vyumba kwa wazee wa hapa, na nyumba hizo mara nyingi zina paka au mbwa aliyezeeka pamoja na mwenyewe.

Mimi naishi na mmoja, ana miaka 15. Krismasi moja mama mwenye nyumba alikwenda kwa mwanawe akaniachia funguo, chakula cha paka na karatasi ya maelekezo. Siku ya pili nikamwona paka anapanda kiti kwanza, anatulia, ndiyo anafika dirishani. Zamani alikuwa anaruka mara moja tu. Manyoya ya mgongoni karibu na mkia yamefungamana. Haja anafanya pembeni ya lile sanduku lake la mchanga, si ndani. Nikimgusa kiuno anageuka kutaka kuning'ata. Nikasema, uzee tu huo. Na hasira juu, maana kusafisha kinyesi cha paka siyo kilichonileta huku.

Mama aliporudi akampeleka kwa daktari wa wanyama. Viungo vya nyonga vimesagika. Kumbe hakuwa mchafu wala mkorofi: kuvuka ukingo wa sanduku kulimuuma, kujipinda ajirambe kulimuuma. Akapewa dawa ya maji ya kuchanganya na chakula, sanduku likabadilishwa, likaja la ukingo mfupi. Baada ya wiki chache akawa anajiramba tena.

Ndiyo maana nasema neno "uzee tu" ni neno baya. Linafunga mjadala kabla haujaanza. (Bibi yangu naye kwenye simu husema "magoti tu mjukuu wangu, uzee", nami huitikia, basi.) Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitazama picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, 90 walikuwa na dalili za viungo kuharibika. Sisi tunangoja mnyama alie ndipo tuamini, na paka halii. Anajificha, analala zaidi, anaacha kuruka, anaacha kujisafisha, anakuwa na hasira.

Mbwa ni rahisi kidogo kumsoma. Asubuhi anainuka kwa shida, ngazi anazitazama tu, matembezini anabaki nyuma, au anaramba kiungo kimoja kila saa. Usiku anahema na kuzunguka, hapati usingizi. Mwenyewe husema "siku hizi katulia". Katulia wapi, anaumwa!

Na jamani, dawa zenu wekeni mbali. Parasetamoli inaweza kumuua paka, hata kidonge kimoja, na ibuprofeni ni sumu kwa paka na mbwa pia. Nakiri, usiku mmoja wa Krismasi ile huruma ilinishika nikatoa pakiti yangu kabatini. Kilichomwokoa ni kwamba sikujua namna ya kumfungua mdomo. Bado nikikumbuka nasikia baridi.

Msiseme pia "paka si wangu". Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, ya hapa England na Wales, inamhesabu hata aliyeachiwa mnyama kwa muda kuwa ana wajibu juu yake, na kumkinga na maumivu kumetajwa humo. Sasa daktari wa wanyama huku ni ghali, na mwanafunzi hana hela. Kwa hiyo kabla hujapokea funguo, muulize mwenye nyumba mambo mawili: namba ya daktari wa mnyama wake, na nani atalipa. Mimi sikuuliza, na paka akakaa siku tisa na maumivu yake nikiwa chumba cha pili naangalia mpira.