Mtoto Mgonjwa wa Gaza Havuki Mpaka Peke Yake

Tumechanga mara nyingi kwa ajili ya Gaza, na Mola azitakabali sadaka zetu. Lakini upo mlango ambao pesa peke yake haziufungui, nao ni ruhusa ya kumtoa mtoto mgonjwa pamoja na mtu wa kumshika mkono.

Tuangalie safari yenyewe ilivyo. Daktari huandika kwamba matibabu hayapatikani Gaza. Jina la mtoto huingizwa kwenye orodha, hutafutwa nchi ya kumpokea, kisha Israel hukagua majina mawili: la mgonjwa na la msindikizaji. Mtoto akikubaliwa na mamake akikataliwa, familia hutafuta jamaa mwengine na kuanza kungoja upya. Hili halikuanza na vita vya Oktoba 2023. Hata zamani, wagonjwa walipokuwa wakipitia kivuko cha Erez kwenda hospitali za Jerusalem Mashariki, wazazi vijana walikuwa wakinyimwa ruhusa, na mtoto akasindikizwa na nyanyake.

Vita vimezidisha shida hiyo. Hospitali pekee ya saratani, ile ya Urafiki wa Uturuki na Palestina, ilisimama Novemba 2023 kwa kukosa mafuta. Mwezi huo huo watoto wachanga 28 waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, waliotolewa hospitali ya Al-Shifa, walivushwa Rafah kuingia Misri. Wengi wao walivuka mikononi mwa wauguzi, si mikononi mwa mama zao.

Mei 2024 jeshi la Israel liliuteka upande wa Gaza wa kivuko cha Rafah, na njia ikafungwa. Februari 2025, wakati wa kusitishwa vita, ikafunguliwa kwa wagonjwa. Mwezi wa pili yake vita vikarudi nayo ikafungwa tena. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa zaidi ya 10,000 waliohitaji kutolewa.

Wapo watakaosema kila nchi ina haki ya kumkagua anayepita mpakani wakati wa vita. Ni kweli. Lakini kukagua ni kitu kimoja, na kumweka mtoto wa saratani miezi bila jawabu ni kitu chengine. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 17, unazitaka pande zinazopigana zijitahidi kuafikiana ili wagonjwa na watoto watolewe katika maeneo yaliyozingirwa.

Sisi watu wa Pwani tunajua kazi ya msindikizaji. Nani kati yetu hajaona familia ikichanga kumpeleka mgonjwa India? Swali la kwanza baada ya nauli huwa: nani atafuatana naye? Kwani ndiye atakayetia saini kabla ya upasuaji, amlishe, na ayasikilize maneno ya daktari. Mama wa Gaza huulizwa zaidi ya hayo. Akiondoka na mmoja, wengine anawaacha chini ya mabomu, na hajui kama ataruhusiwa kurudi.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kwa hivyo tunapowaandikia wabunge wetu, tusiishie kulaani. Kenya imeridhia mikataba ya Geneva, basi tuitake serikali yetu idai mambo matatu: njia ya wagonjwa isifungwe, ombi la msindikizaji lijibiwe kwa muda maalumu, na anayeondoka ahakikishiwe kurudi kwao.