Karatasi ya Kipimo cha Moyo Isichaguliwe kwa Bei Pekee

Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua anapofika kliniki na kipimo chake cha zamani cha umeme wa moyo, daktari hutaraji kulinganisha mistari ya zamani na mipya. Mara nyingine anachokunjua ni karatasi iliyofifia. Je, kasoro iliyoonekana leo ni mpya au ni ya siku nyingi? Karatasi haijibu, ilhali matibabu hutegemea jibu hilo.

Wengi hulaumu wino. Lakini mashine nyingi za aina hiyo hazitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa utando wenye rangi isiyoonekana na kemikali ya kuiamsha. Kichwa cha mashine kinapoipasha joto, viambato hivyo huyeyuka na kuungana, na mstari mweusi hutokea.

Ndani ya utando huo na katika tabaka la chini yake huwekwa madini ya kujazia. Kaolini iliyochomwa, itokanayo na udongo mweupe wa jamii ya ule wa Pugu, ina vinafasi vya hewa vinavyozuia joto lisipotee, tena hunyonya viambato vilivyoyeyuka visigande kwenye kichwa cha mashine. Dosari yake ni ugumu: chembe kubwa hukikwaruza kichwa hicho. Kaboneti ya kalisi, yaani madini ya chokaa, ni laini zaidi, ila zipo aina zake zinazonyonya kidogo. Silika yenye chembe laini hunyonya sana, lakini madini yenye uso wa asidi huweza kuiamsha rangi mapema, karatasi ikawa ya kijivu kabla ya kutumika. Uwiano ukikosewa, mstari wa moyo hutoka hafifu au umekatika.

Madini pekee hayazuii kufifia. Kemikali ya kuamsha rangi na tabaka la kinga la juu vina sehemu yake. Kwa hiyo si sahihi karatasi ya moyo inunuliwe kama karatasi ya risiti ya dukani. Kamati za ununuzi zimtake muuzaji aeleze kwa maandishi madini yaliyotumika, kama tabaka la kinga lipo, na muda ambao maandishi yatadumu. Itasemwa kwamba bajeti ni finyu. Ni kweli; lakini kichwa cha mashine kilichoharibika na kipimo kinachorudiwa navyo hulipiwa.

Wakati huohuo, mhudumu atoe fotokopi ya kipimo siku hiyohiyo na kuiweka katika jalada. Mgonjwa naye aitunze karatasi yake katika bahasha ya karatasi, mbali na jua, mifuko ya plastiki laini na vitakasa mikono vyenye alkoholi. Isipigwe laminesheni ya moto, kwani itageuka nyeusi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali, na daftari lake lastahili karatasi inayosomeka.