Kukimbia Kusiwe Adhabu



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya kukimbia. Najua wapo watakaocheka wakiona mwalimu wa hesabu ameingia katika habari za michezo, maana kwa miaka 15 niliyofundisha hapa hakuna aliyepata kuniona nikikimbia, hata kuikimbia mvua. Wacheke. Lakini wasome mpaka mwisho, kwa kuwa ninalo deni kwa baadhi ya wanafunzi, nami nimeona heri nililipe hadharani kama nilivyolikopa hadharani.

Mwezi wa Machi mwaka 2025, nikiwa na miaka 47, mama watoto alinichukua kwenda kupimwa presha. Hakunibembeleza sana. Alinikumbusha tu umri aliokuwa nao marehemu baba yangu siku alipoanguka kwa kiharusi, nami nikavaa viatu. Muuguzi alinifunga ule mpira mkononi, akasoma, akanyamaza, akafunga tena. Daktari hakunitisha. Alinipa dawa, akanikataza chumvi ya mezani, akasema nianze kwa kutembea, kisha nikizoea nikimbie taratibu.

Waalimu, kama mjuavyo, hatupendi kuambiwa taratibu. Wiki ile ile nilitoka na viatu vya mtumba, nikaondoka getini kwa mwendo wa yule kijana wa mita 400 niliyekuwa mwaka 1995. Nilifika kwenye mwembe ulio njiapanda, mita 300 hivi, nikaketi juu ya mzizi, kifua kinawaka na macho yanaona giza. Wanafunzi watatu wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakipita na ndoo. Walisema, “Shikamoo, Mwalimu.” Sikuweza kuitikia. Walisimama wakanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko.

Tangu hapo nikawa nakimbia gizani ili nisionekane. Aliyenitoa katika ujinga huo ni mzee mlinzi wetu wa usiku. Aliniona nikirudi nahema, akaniambia, “Mwalimu, wewe wakimbia kama mtu anayemfukuza mwizi. Hebu kimbia kama mtu anayerudi nyumbani, na nyumbani si mbali.” Sikumjibu siku ile. Kesho yake nilikimbia dakika moja, nikatembea mbili, nikakimbia moja, hivyo hivyo kwa nusu saa. Nilirudi nina pumzi ya kumwamkia.

Baadaye nilisoma, nikakuta kwamba maneno ya mzee wetu yana wenzake mbali sana. Huko New Zealand palikuwa na mkufunzi wa wakimbiaji aitwaye Arthur Lydiard. Wakimbiaji wake Peter Snell na Murray Halberg walipata medali za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Rome mwaka 1960. Lakini mimi zaidi napenda alilofanya baadaye mjini Auckland: aliwahimiza watu wazima wenye vitambi, wengine wenye magonjwa ya moyo, wakimbie polepole kiasi cha kuweza kuzungumza njiani. Mwaka 1962 mkufunzi mashuhuri wa Marekani, Bill Bowerman, mtu wa miaka 51 aliyejiona yu mzima, alikwenda kumtembelea Lydiard. Alitoka na kundi hilo, na mlimani akaachwa na mzee aliyepita miaka 70. Bowerman alirudi kwao Oregon akaanza kuwafundisha watu wa mji wake, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya jambo hilo pamoja na daktari wa moyo.

Basi kipimo cha Lydiard ni mazungumzo, na mimi nimekigeuza kidogo kiwe cha kwetu. Kipimo changu ni shikamoo. Katika njia zetu za migombani huwezi kwenda hatua mia bila mtoto kukuamkia. Nikiweza kuitikia “Marahaba, hujambo? Mama hajambo?” bila kukata neno, mwendo ni sawa. Nikitoa “maraha—” na iliyobaki ikamezwa, napunguza. Saa ya mkononi sina, wala siihitaji.

Sasa nije kwenye shida yenyewe ya safari ndefu, kwa sababu naona watu wengi wa umri wangu huishia hapo. Kukimbia kilometa tatu au nne niliweza baada ya miezi mitatu. Lakini kupita daraja lililo kilometa ya tano sikuthubutu. Mara tatu nilifika pale nikageuka, na miguu haikuwa imechoka. Nilikuwa nikiogopa jambo la kipuuzi: kwamba pumzi itakwisha ng’ambo, nami nitashindwa kurudi, na watu watakuja kunibeba mwalimu mzima. Mwenye miaka 16 haogopi hivyo. Mtu mzima amekwisha kuona watu wakianguka.

Dawa ya hofu hii sikuipata katika kujikaza. Kwanza, Jumapili moja baada ya ibada niliitembea njia yote kwa miguu, kilometa nane, nikajua kisima kiko wapi na kivuli kiko wapi. Pili, nilitia shilingi elfu mbili katika soksi, nauli ya pikipiki, ili nikichoka nisiwe mfungwa wa njia. Fedha ile imefuliwa mara nyingi na haijatumika hata mara moja, lakini sitoki bila hiyo. Siku niliyolivuka daraja sikuhisi ushujaa wowote. Nilikuwa namjibu bibi mmoja aliyeniuliza nakimbilia msiba wa nani, na nilipomaliza kumweleza nikaona daraja liko nyuma.

Baada ya hapo nikaongeza kilometa moja tu kwa wiki katika safari ya Jumamosi, na kila wiki ya nne nikapunguza. Hapo nilikosea mara moja. Nilipofika kilometa 10 nilijiona bingwa, nikaruka mpaka 13 kwa siku moja, na muundi wa mguu wa kushoto ukaniuma hata nikalala nje ya mazoezi wiki mbili. Moyo na mapafu huzoea upesi. Mifupa na kano hukawia. Pumzi inakudanganya kwamba mwili mzima uko tayari, kumbe miguu bado inajenga. Tena kwa mwenye presha kama mimi, maumivu ya kifua au kizunguzungu si jambo la kuvumilia njiani. Ni kusimama hapo hapo na kwenda hospitali.

Hapo nataka kusema neno ambalo huenda halitawapendeza wenzangu. Tunapenda kuwasimulia wanafunzi habari za John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akachechemea mpaka mwisho zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Ni habari tukufu, nami hunitoa machozi. Lakini tunaisimulia nusu. Akhwari hakupata moyo ule siku ile barabarani. Alikuwa mkimbiaji aliyekomaa kwa miaka ya mazoezi kabla hajapanda ndege. Sisi twachukua goti lililofungwa bandeji, twaacha ile miaka, kisha twamwambia mtoto ambaye hajapata kukimbia hata kilometa moja: Akhwari aliweza, wewe waweza, endelea! Vivyo hivyo Alphonce Simbu. Septemba mwaka 2025, siku alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya riadha ya dunia kule Tokyo, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilometa 42, ukumbi wetu ulikuwa kelele tupu. Nani alikumbuka kwamba medali yake ya shaba ya London ilikuwa ya mwaka 2017? Kati ya shaba na dhahabu ni miaka minane.

Sasa deni langu. Kwa miaka mingi, zamu yangu ilipofika, adhabu yangu ya wachelewaji ilikuwa kuzunguka uwanja wa mpira mara tano. Hiyo ni karibu kilometa mbili, na nilitaka zikimbiwe kwa kasi. Mwenye kutembea nilimwongezea mzunguko. Wenzake walipomcheka sikuwakataza. Nadhani hata mimi nilitabasamu. Alikuwapo msichana mmoja, sasa yuko Kidato cha Tatu, ambaye kila mara alikuwa wa mwisho, na kila mara nilimwongezea.

Muhula uliopita nilitangaza kwamba anayependa ajiunge na safari ya Jumamosi, pamoja na matroni. Walikuja kumi na mmoja. Nilipomkuta msichana yule bwenini akifua, nikamwalika. Alijibu kwa adabu, macho chini: “Samahani, Mwalimu. Mimi nilikwisha kukimbia kwa kukosa.” Matroni alicheka. Mimi sikuweza.

Nimehesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Kwa mizunguko niliyompa angekwisha kukimbia umbali mkubwa, na laiti angeukimbia kwa mwendo wa shikamoo, pamoja na wenzake, bila kuchekwa, huenda leo angekuwa ananiacha mlimani. Badala yake nilimfundisha kwamba pumzi ikikata ni aibu, na kwamba kukimbia ni malipo ya kosa. Namwomba radhi hapa, mbele ya wazazi wake kama wanasoma.

Wenzangu wengine wataniambia kwamba mizunguko ya uwanja ni afadhali kuliko fimbo. Siwezi kubisha kwamba fimbo ni mbaya zaidi. Lakini hatujaambiwa tuchague moja ya hizo mbili. Anayechelewa afagie, amwagilie miti, au abaki kusoma jioni. Wazazi nao husema watoto wameletwa kusoma, si kukimbia; hao nawaalika waje Jumamosi moja waone ni saa ngapi tunarudi. Kabla ya uji tumekwisha oga.

Nimepeleka ombi langu katika kikao cha waalimu, kwamba kukimbia kuondolewe katika orodha ya adhabu kuanzia muhula ujao. Mkuu wa Shule amesema litajadiliwa. Nawaomba wanafunzi wenye maoni waandike katika gazeti hili, hata wale ambao hawatanisifu.

Kwa upande wangu, nimefika kilometa 16. Nia yangu ni kukimbia zile 21 za Moshi katika Kilimanjaro Marathoni mwakani, na usiku mwingine naamka nikikifikiria kile kilima cha kuelekea Mweka. Jumamosi tutatoka getini saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nimemwambia matroni amfikishie yule msichana kwamba anaweza kutembea njia nzima akitaka, nami nitatembea naye mpaka mwembeni.